Picha ya darasa na majina tisa

SWALI: Dada, salaam. Nilimaliza kidato cha nne Mazengo, hapa Dodoma, mwaka 1974. Waliotutangulia waliijua shule hiyo kwa jina la Alliance. Haipo tena, tangu 2007 pale ni Chuo Kikuu cha St John's. Nina picha moja ya darasa letu, vijana 34, na majina ninayoyakumbuka ni tisa tu. Mwenzetu mmoja yuko Mvumi, ila macho yamekwisha. Mpwa wangu aliyeko Marekani amenisimulia habari za Storer, chuo cha Wamarekani Weusi kilichofungwa zamani, na kumbukumbu zake zipo hadi leo. Wenzetu walifanyaje? Na sisi tuombe chumba cha makumbusho?
— Mzee wa Kikuyu, Dodoma

JIBU: Shikamoo kaka. Nimetunza nyaraka kwa miaka 31, na barua yako nimeirudia mara tatu kwa sababu ya hayo majina tisa.

Storer kilianzishwa mwaka 1867 huko Harpers Ferry, West Virginia, kuwasomesha watu waliotoka utumwani. Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, alisoma hapo miaka ya 1920. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku ubaguzi katika shule za umma, jimbo likakata ruzuku, na 1955 chuo kikafungwa. Angalia mali yake ilivyotawanyika baada ya hapo. Viwanja na majengo viliingia kwenye hifadhi ya taifa ya historia. Fedha za mfuko wake zilikwenda chuo kingine cha Weusi, Virginia Union. Hata ngome ya John Brown, yule Mmarekani aliyepigana dhidi ya utumwa, kijengo cha matofali ambacho chuo kilikihamishia kwake mwaka 1909, ilihamishwa tena 1968. Waliosoma pale, wao, waliendelea kurudi Harpers Ferry kukutana, miaka mingi baada ya milango kufungwa. Mtu akitaka kujua sura fulani kwenye picha ni ya nani, alikuwepo wa kumjibu.

Chumba kiombeni, kaka, lakini si sasa. Chumba kitasubiri. Waliosimama safu ya nyuma wana umri wako.

Anza na hiyo picha. Ipige kwa simu ukiwa kivulini, bila flashi, ukachapishe nakala kubwa ya A3. Kwenye nakala, siyo kwenye picha yenyewe, andika namba juu ya kila kichwa, 1 hadi 34, kisha fungua daftari lenye namba hizohizo. Picha halisi usiiguse kwa peni. Nyuma yake, pembeni kabisa, andika kwa penseli laini mwaka na jina la shule, basi. Itie kwenye bahasha ya karatasi, uiweke ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali. Mchwa wetu unawajua.

Na nakuomba sana, usiipeleke kulaminishwa. Picha pekee ya marehemu baba niliipeleka stesheneri nikidhani naihifadhi. Joto la mashine liliotesha mapovu kuanzia shavuni hadi kwenye kola ya shati, na ile nailoni haibanduki bila kuondoka na uso wake. Ninayo hadi leo, na siwezi kuitazama kwa muda mrefu.

Kwenye daftari usiandike jina la rejista peke yake. Andika na la utani, maana mara nyingi hilo ndilo linalokuja kwanza, kisha bweni, alikotokea, alikoishia. Asiyejulikana, acha nafasi yake wazi. Mkitofautiana, andika majina yote mawili na nani kasema lipi. Likijaa, tolea nakala mbili: moja ipeleke maktaba ya St John's, palepale Kikuyu, nyingine kwa mjukuu anayependa kuuliza maswali. Shule ilibeba jina la Mtemi Mazengo wa Wagogo, na hilo watu wataendelea kulijua. Majina ya hao vijana 25 yako kwenu tu.

Huyo wa Mvumi nenda kwake kwanza, Jumamosi hii ikiwezekana. Usimwambie kwamba umemletea picha. Kaa karibu naye, washa kinasa sauti cha simu, umsimulie safu ya mbele kuanzia kushoto: huyu kakunja mikono, huyu viatu vyake vimemzidi, huyu kacheka peke yake. Halafu nyamaza, umpe muda.