Mwanangu ana usonji na sasa anajipiga: nitampata wapi mtaalamu karibu na Ahero?

SWALI

Salamu, daktari. Nina mwana wa miaka 13 ambaye alipokuwa na miaka 5 tuliambiwa hospitalini kwamba ana usonji. Huongea maneno machache lakini huelewa mengi, na kwa muda mrefu amekuwa akisoma katika kitengo maalumu cha shule ya msingi bila shida kubwa. Tangu Januari, mwalimu wake alipohamishwa, hataki kuvaa sweta ya shule, hapati usingizi kabla ya saa nane za usiku, na hujipiga usoni mpaka shavu linavimba. Nilimpeleka kwa mshauri nasaha mjini Kisumu, nikalipia vikao vinne, kisha nikaambiwa mtoto hashirikiani. Majirani wanasema wataalamu wa usonji wako Nairobi pekee. Nitampata wapi mtaalamu wa karibu, na nitajuaje kwamba anafaa? – Mama, Ahero

JIBU

Mama, nianze na hilo la mtoto kutoshirikiana, kwa sababu ndilo linaloeleza jinsi fedha zako zilivyopotea. Ushauri nasaha wa kawaida hufanywa kwa mazungumzo: mtu huketi, huulizwa anavyojisikia, naye hujieleza. Kijana mwenye maneno machache akiwekwa mbele ya mtu asiyemjua na kuulizwa maswali ya namna hiyo, kunyamaza kwake hakuna ukaidi wowote ndani yake. Ni kwamba njia iliyotumika haikumfaa. Huenda mshauri huyo ni hodari kwa wanandoa na kwa waliofiwa, lakini angepaswa kukuambia tangu kikao cha kwanza kwamba kazi hii si yake.

Kosa la namna hii hutokea kwa urahisi kwa kuwa neno therapisti, linavyotumiwa mitaani kwetu, hufunika watu wa taaluma nyingi zisizofanana. Yuko mtaalamu wa tiba kazi, ambaye hospitalini utasikia akiitwa OT, naye hushughulika na mwili, hisi na shughuli za kila siku kama kuvaa, kula na kuoga. Yuko mtaalamu wa usemi na mawasiliano. Yuko mwanasaikolojia kama mimi, ambaye haandiki dawa, na yuko daktari wa akili, ambaye huandika. Kwa hiyo ukifika hospitalini na kuuliza ni nani anayetibu usonji, utazungushwa siku nzima, kwa maana usonji ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo na hakuna dawa wala tiba ya kuuondoa. Uliza badala yake ni nani anayeshughulika na mtoto anayejipiga, asiyelala na asiyevumilia nguo, na majina yataanza kutajwa.

Hata hivyo, mtu wa kwanza kumwona hayumo katika orodha hiyo. Kujipiga kulikoanza ghafla kwa mtoto asiyeweza kusema anaumwa wapi huchukuliwa kuwa ni maumivu mpaka ithibitishwe vingine. Nimewahi kumpokea kijana aliyeletwa kwangu kwa ajili ya hasira, baada ya kuonwa na watu watatu ambao wote walisema hiyo ni tabia ya usonji. Mama yake alikuwa na daftari la kawaida la shule, na ukurasa mmoja ulisomeka hivi: Jumanne, saa moja na nusu jioni, amekula ugali na sukuma, amejipiga shavu la kulia mara sita. Jumatano, saa moja jioni, ugali na samaki, shavu la kulia. Alhamisi amekunywa uji pekee, hakujipiga. Sikuhitaji elimu ya saikolojia kuona kwamba kijana yule alitakiwa kwa daktari wa meno, na gego lililooza lilipong'olewa, hasira nazo zikapungua kwa kiasi kikubwa.

Basi mpeleke mwanao hospitali ya hapo Ahero akaangaliwe meno, masikio, koo na tumbo, kwa sababu kufunga choo ni jambo la kawaida sana kwa watoto wenye usonji na maumivu yake husahaulika. Mweleze afisa wa kliniki pia ikiwa kuna nyakati anapokodoa macho bila kuitika, au viungo kumshtuka usingizini. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, na mojawapo ya vipindi kinapozuka ni hiki cha kubalehe alichoingia mwanao. Ukiambiwa kwamba hayo yote ni usonji tu kabla mtoto hajaguswa, omba kwa heshima apimwe.

Wakati huo huo, anza daftari kama la yule mama. Andika saa, kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata, mstari mmoja kwa kila tukio, kwa wiki mbili. Mtaalamu yeyote mwenye uzoefu atalifurahia kuliko barua ndefu, na atakayekataa hata kulitazama amekupa jibu kuhusu uwezo wake.

Sasa nije kwenye sweta. Watu wengi wenye usonji huhisi mguso, sauti au mwanga kwa ukali usio wa kawaida, kiasi kwamba lebo ya kola au sufu mpya shingoni huwa mateso. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa tiba kazi, na kwa bahati njema huyu ndiye aliye rahisi zaidi kumpata katika hospitali kubwa za umma za eneo letu. Kisumu, mtafute katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji tunaendelea kuiita Russia. Wasomaji walio Nakuru waanzie hospitali ya rufaa ya kaunti, na walio upande wa kaskazini wana Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Atakachokufundisha huenda kikaonekana kidogo mno: kukata lebo, kufua sweta mara kadhaa kabla haijavaliwa, kuvaa fulana laini ndani yake, kuivaa kwa dakika chache nyumbani kisha kuongeza muda. Mwombe pia mpange ratiba ya picha, yaani picha ya uji, ya sweta, ya bodaboda na ya lango la shule zikibandikwa ukutani kwa mfuatano, ili asubuhi isimjie kijana kama jambo jipya kila siku.

Kuhusu mwalimu aliyehamishwa, usilione kuwa jambo dogo. Kwa mwanao, kuondoka kwa mtu mmoja kumevuruga mpangilio wote wa siku. Nenda kwenye kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti ndogo yako, vile vinavyojulikana kwa kifupi EARC, ambavyo vimekuwepo nchini tangu 1984. Walimu wake hutathmini mtoto na kushauri kuhusu shule, na mara nyingi ndio wanaojua ni mtaalamu gani aliye hai kikazi katika eneo na ni nani aliyebaki kibao cha mlangoni tu. Nimepata rufaa nyingi nzuri kutoka kwao kuliko kutoka kwa madaktari, nakiri.

Mwili ukishachunguzwa na shule ikishatulizwa, tatizo likabaki, ndipo mwanasaikolojia anapohitajika. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi umeonyesha kwamba takriban asilimia 40 ya watoto na vijana wenye usonji wana tatizo la wasiwasi la kiwango cha ugonjwa, na huzuni kubwa pia huongezeka katika ujana. Kwa asiye na maneno mengi, wasiwasi hujitokeza kwa kukataa nguo, kukosa usingizi na kujiumiza, hivyo hufichwa na jina la usonji ambalo tayari liko kwenye faili. Mwanasaikolojia anayefaa atatumia picha, michoro na michezo, atakutembelea nyumbani au atatazama video fupi ulizochukua kwa simu, na sehemu kubwa ya kikao atazungumza na wewe. Mafunzo ya walezi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa miaka 2 hadi 9 yamejengwa juu ya wazo hilo hilo: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, mfundishwaji akiwa mzazi. Mwanao amepita umri huo, lakini kanuni haibadiliki. Mtaalamu anayekufungia nje ya mlango, kisha akamtoa mtoto baada ya saa moja bila kukueleza lolote, amekuuzia saa moja tu kati ya saa 168 za wiki.

Ndiyo maana majirani zako wana ukweli nusu. Wataalamu wa usemi ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, lakini kwa kuwa anayefundishwa ni wewe, unaweza kuonana nao kwa simu ya video mara moja kwa mwezi, huku mtaalamu wa tiba kazi wa Kisumu akimshika mtoto kwa mikono. Nauli ya matatu ya kila wiki kwenda Nairobi na kurudi, pamoja na kijana asiyevumilia kelele, itawachosha nyote wawili kabla faida haijaonekana.

Daktari wa akili ataingia ikiwa kujipiga kunaleta majeraha au usingizi umekataa kabisa. Dawa mbili, risperidoni na aripiprazoli, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2006 na 2009 kwa ajili ya hasira kali inayoandamana na usonji. Hupunguza ukali huo pekee, huweza kuongeza uzito, na zinahitaji kufuatiliwa kwa vipimo, kwa hiyo usikubali kuzinunua dukani kwa maelezo ya mtu aliyewahi kumpa wake.

Juu ya kumjua anayefaa, omba kuona leseni yake ya mwaka huu. Washauri na wanasaikolojia wana sheria yao ya mwaka 2014 inayowataka wasajiliwe, na madaktari husajiliwa na baraza lao. Mtu aliyesajiliwa haudhiki kuulizwa. Muulize ni vijana wangapi wa umri huu wasiosema sana amewahudumia, na baada ya vikao vinne mtapima mabadiliko kwa kitu gani. Akikuahidi kupona, au akikuuzia dawa ya kutoa sumu ya madini mwilini, ondoka. Matibabu hayo hayana ushahidi na yamewahi kudhuru watoto. Vilevile, akikuagiza uache kuzungumza Dholuo nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, jua kwamba tafiti hazijaonyesha kuwa lugha mbili humdhuru mtoto mwenye usonji, ilhali kunyamaziwa kwa lugha ya bibi yake kunamtenga na watu wa boma lake.

Ukishapata tathmini hospitalini, ulizia pia usajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa sababu kadi hiyo hufungua milango mingine ambayo si ya swali hili.

Wiki mbili za daftari zikitimia unaweza kuniandikia tena na kuniambia ulichokiona. Shavu na jino, hata hivyo, visingoje daftari: mpeleke wiki hii, na akijigonga kichwa kisha akatapika au kuzimia, mpeleke saa hiyo hiyo.