Sensa inaposingiziwa: kwa fundi mpya wa umeme wa ekskaveta

Mdogo wangu uliyetoka chuoni juzi na sasa umepangiwa saiti ya kwanza, huko Urambo, Kaliua au Uvinza, kuna kosa utakalotamani kulifanya wiki yako ya kwanza. Skrini ya mtambo itaandika kodi ya sensa, yaani namba ya hitilafu ya kifaa kinachopima presha au joto, nawe utaagiza sensa mpya. Nimelifanya mimi, na kila mwaka naliona kwa vijana wazuri tu, wenye akili na mikono mepesi.

Kodi haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta ya mtambo imepokea umeme usioeleweka kutoka kwenye sakiti ile. Sakiti ina waya, soketi, pini, ethi (upande wa hasi), na kompyuta yenyewe. Sensa ni kipande kimoja tu humo.

Tulikuwa na ekskaveta ya tani 20 ikichimba mtaro kando ya barabara, si mbali na Uvinza. Opereta akalalamika kwamba mtambo umekuwa mzito: injini inanguruma lakini bumu, ule mkono mkuu, inapanda kwa kusuasua. Skrini ilikuwa na kodi tatu kwa mpigo: sensa ya presha ya pampu ya kwanza, ya pampu ya pili, na ile ya presha ya mwendo wa minyororo. Nikasema pampu ya kwanza ndiyo yenye shida. Sensa ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja kwa basi, na siku tatu nzima mtambo ulilala huku vibarua wamekaa chini ya mwembe. Nikafunga sensa mpya. Kodi zote tatu zikabaki pale pale.

Mzee niliyekuwa nafanya kazi chini yake hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Sensa tatu zimekufaje saa moja, mwanangu?"

Swali hilo ndilo nataka ulibebe. Sensa ya presha kwa kawaida ina nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni ethi, wa tatu unarudisha taarifa. Kwa sensa nyingi, presha ikiwa sifuri waya wa taarifa husoma karibu volti 0.5, na presha ikifika kikomo husoma karibu 4.5. Kwa hiyo kama sensa imetengenezwa kupima hadi bar 500, volti 2.5 maana yake ni bar 250. Nafasi ile iliyobaki chini ya 0.5 na juu ya 4.5 imeachwa kwa makusudi: waya ukikatika au ukipiga shoti, usomaji unatumbukia humo, na kompyuta inajua kwamba hiyo si presha bali ni hitilafu.

Sasa, mitambo mingi hugawia sensa kadhaa volti 5 kutoka chanzo kimoja. Moja ikipiga shoti, inazivuta zote chini. Mzee akawasha swichi bila kuwasha injini, akachomoa plagi ya sensa yangu mpya, akaweka mita kati ya pini ya volti 5 na ethi. Ilisoma 0.8. Akaiacha mita pale pale, akanituma nichomoe plagi za sensa nyingine moja baada ya nyingine. Nilipochomoa ile ya mwendo wa minyororo, mita ikaruka hadi 5. Ilikuwa imeingia maji ndani na kupiga shoti. Sensa mbovu ilikuwepo kweli, ila ni ile ambayo hata sikuifikiria. Tuliiacha ikiwa imechomolewa, na bumu ikarudi na nguvu zake mchana ule ule.

Kwa hiyo kabla hujashika spana, kaa na opereta. Muulize hitilafu inakuja asubuhi mtambo ukiwa baridi au mchana, inakuja ukizungusha au ukisafiri, na kama mtambo umeoshwa au kuchomelewa karibuni. Mtambo uliooshwa jana kwa maji ya presha na leo una kodi, anza na soketi. Na uliochomelewa ndoo bila kutoa waya wa betri, jiandae kwa habari mbaya ya kompyuta.

Kisha betri. Ni mbili za volti 12 zilizounganishwa kufanya 24, na injini ikiwaka unatarajia kuona volti 27 hadi 28. Umeme ukiwa dhaifu au ethi ya kwenye chasi imelegea, kompyuta huweza kutoa kodi za kila aina. Nimewahi kufuta kodi tano kwa kukaza boliti moja.

Ukishika nyaya, usitoboe waya kwa ncha ya mita. Mvua zetu zinaanza Novemba hadi Aprili, na tundu dogo ulilolitoboa Oktoba litakuwa kutu ya kijani kufikia Februari. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi. Wala usitumie taa ya kupimia kwenye nyaya za kompyuta. Inavuta mkondo mwingi kuliko zinavyostahimili. Lakini kwenye nyaya nene za umeme na ethi, taa ya volti 24 ni rafiki: waya uliobaki uzi mmoja wa shaba utasoma vizuri kabisa kwenye kipimo cha omu (ukinzani wa umeme), ila ukiubebesha taa utaonekana wazi kwamba hauna nguvu.

Sensa ya joto ina nyaya mbili na ni rahisi zaidi. Joto likipanda, omu zinashuka. Skrini ikisema mafuta yako kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri hapa Tabora, waya umekatika. Chomoa plagi, unganisha pini zake mbili kwa kipande cha waya. Usomaji ukiruka kwenda kwenye joto kali, waya na kompyuta ni wazima, na hapo una haki ya kuagiza sensa.

Kwa mitambo inayofuata J1939, mfumo wa mawasiliano kati ya kompyuta za mtambo, tazama namba ya pili ya kodi: 3 ni volti imezidi, 4 imeshuka mno, 5 mkondo umepungua au sakiti imekatika, 2 taarifa haitulii. Na kama vifaa vingi havisikilizani, zima kila kitu, pima kati ya nyaya mbili za mawasiliano: omu 60 ni sawa, 120 maana yake rezista ya mwisho wa nyaya hizo upande mmoja imepotea.

Kuhusu kufungua sensa ya presha, nisikilize vizuri. Pampu kuu ya mtambo wa tani 20 hufika karibu bar 350. Shusha ndoo chini, zima injini, washa swichi, chezesha levya zote hadi presha iishe, toa na hewa ya tangi. Mafuta yakikutoboa ngozi, hata kidonda kikiwa kidogo kama cha sindano, nenda hospitali saa ile ile. Usingoje kivimbe.

Ukimaliza, futa kodi, lakini usiondoke. Mwache opereta achimbe hadi mafuta yapate joto sawasawa, maana waya uliokatika nusu mara nyingi huachana kwa joto na mtikisiko. Mimi hukaa pembeni na mkoba wangu ukiwa wazi, natikisa nyaya pale zinapopita karibu na bumu, naangalia skrini. Saa nzima ikipita bila kodi kurudi, ndipo naandika kwenye daftari volti nilizozisoma, pini kwa pini, kwa ajili ya fundi atakayefuata.