Swali la Lugha: Mtazamo ni wa mtu, si wa moyo

SWALI: Ninafundisha wanafunzi wa utabibu mkoani Morogoro, na sasa naandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu kipimo cha eko cha moyo, yaani kuupima moyo kwa mawimbi ya sauti. Ipo picha inayopatikana kwa kuweka probu (kile chombo cha mkononi kinachotuma mawimbi) kando ya mfupa wa kifua na kuizungusha mpaka moyo uonekane kama duara. Tumeiita "mtazamo wa mhimili mfupi wa parastena". Walimu wenzangu wawili wameridhika nalo, mmoja anasema hicho si Kiswahili. Nani yuko sahihi? Na wingi wake ni "mitazamo ya mihimili mifupi"?

JIBU: Aliye sahihi ni huyo mmoja, na nampa mkono.

Nianze na neno la kwanza, kwa sababu limenikera miaka mingi kabla halijafika kwenye moyo. Nimeliona kwenye michoro ya majengo, "mtazamo wa mbele". Nimeliona kwenye mabango ya viwanja, "mtazamo wa bahari". Kila nikilikuta napata hasira ileile. Mtazamo umetoka kwenye kutazama, na anayetazama ni mtu. Tunasema "kwa mtazamo wangu", "mtazamo wa chama", "kijana huyu abadili mtazamo". Yaani namna mtu anavyolipima jambo akilini mwake. Kitu kinachotazamwa hakina mtazamo. Nyumba ina sura na ina upande wa mbele. Bahari inaonekana kutoka kiwanjani, basi, andika hivyo: bahari inaonekana. Aliyetunga hayo mabango alikuwa na neno la kigeni kichwani, akafungua kamusi, akachukua neno la kwanza alilolikuta na kuifunga.

Kwenye bango la kiwanja hasara yake ni ndogo. Kitandani kwa mgonjwa si ndogo, na nimeiona kwa macho yangu.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu, mama wa miaka sabini na kitu, kwenda kupimwa moyo. Wakamlaza kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto ameulalia kichwa, jeli ya baridi imepakwa kifuani. Kijana aliyempima alikuwa mpole, mwenye adabu zote. Alihangaika na probu kitambo, akaisogeza huku na huku, mwisho akasema: "Bibi, mtazamo wa moyo wako si mzuri. Hebu geuka tena." Shangazi akageuka, ila uso ulikuwa umembadilika. Kwenye bajaji hakusema neno. Tulipokaribia nyumbani ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, yule kijana ameona nini moyoni mwangu?" Ilinichukua muda kuelewa. Shangazi na mdogo wake walikuwa hawasemezani kwa ajili ya shamba la marehemu baba yao, mwaka wa pili huo. Aliamini kile chombo kimekifukua kinyongo chake na kijana amekitangaza mbele yangu.

Kijana alitaka kusema nini? Kwamba pafu limeziba njia ya mawimbi na picha haitoki. "Bibi, picha haijatoka vizuri, geuka kidogo." Basi. Kiswahili kinalo neno picha, kila mtu analijua, na halimtuhumu mtu. Moyo kwetu ni mahali pa nia, chuki, huruma na imani. Ukisema "mtazamo wa moyo" umetamka jambo la mimbarini, na mgonjwa wako atalisikia hivyohivyo.

Najua watakaosema tuweke "mwonekano". Sawa, sitalikataa. Angalau mwonekano ni wa kitu kinachoonekana, kwa hiyo haligeuzi mambo juu chini. Lakini nalo halimsaidii mwanafunzi wako, na hapo ndipo tuingie kwenye mhimili.

Mhimili tumeupata kwenye kuhimili, neno lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya kubeba na kustahimili mzigo. Kwanza ni boriti au nguzo inayobeba paa. Halafu ikaja mihimili mitatu ya dola. Na wanasayansi wakautumia kwa mstari unaopita katikati ya kitu, kama mhimili wa dunia. Sina ugomvi na wanasayansi. Ugomvi wangu ni kwamba picha unayoulizia haionyeshi mstari wowote. Inaonyesha uso wa kipande, kana kwamba moyo umekatwa. Na kwa kukata vitu, Kiswahili hakina njaa ya maneno.

Chukua muhogo uliomenywa. Ukiupasua kwa urefu, unauona ule uzi mgumu wa katikati wote, mwanzo hadi mwisho. Ukiukata kwa kukingama, unapata kisahani cha mviringo, na uzi umebaki nukta katikati. Ukiukata mshazari, kama afanyavyo muuza mihogo anayetaka kipande kionekane kikubwa, kisahani kinakuwa na umbo la yai. Muhogo ni uleule na kisu ni kilekile. Kilichobadilika ni namna ya kukata. Hakuna mwanafunzi wako hata mmoja asiyeyajua haya tangu yuko mtoto jikoni kwa mama yake.

Sasa rudi kwenye moyo. Mpimaji huanza na picha ndefu: probu ipo kushoto mwa mfupa wa kifua, kwenye nafasi ya tatu au ya nne kati ya mbavu, alama yake imeelekea bega la kulia. Huo ni muhogo uliopasuliwa kwa urefu. Halafu, bila kuhama hapo alipo, anaizungusha probu nyuzi 90 kwa mwendo wa mishale ya saa mpaka alama ielekee bega la kushoto. Amekingamisha kisu. Chemba ya chini ya kushoto iliyokuwa ndefu inatokea kwenye skrini ikiwa duara. Kutoka hapo hasogezi tena. Anainamisha tu probu, na vipande vinafuatana. Juu kabisa kuna vali ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni kuingia mshipa mkuu, yenye vilango vitatu ambavyo vikifunga huchora alama kama nyota ya Mercedes. Chini yake vali ya mitrali, mlango kati ya chemba mbili za kushoto, inayofunguka na kufunga kama kinywa cha samaki, na wapimaji wa dunia nzima huiita hivyo. Kisha ile misuli miwili inayozishikilia kamba za vali, halafu ncha ya moyo.

Kwa hiyo jina lake ni hili: mkato wa kukingama. Linamwambia mwanafunzi mkono wake ufanye nini, na akikosea linampa na jina la kosa. Chemba ikitokea kama yai, swali la kwanza ni: je, nimekata mshazari? Azungushe na kuinamisha probu kidogo kidogo, duara litarudi. Lisiporudi, na ukuta wa kati ukabaki umebonyea hata duara likafanana na herufi D, huenda upande wa kulia wa moyo umeelemewa, na hiyo ni habari ya ugonjwa. Mtu aliyefundishwa "mtazamo wa mhimili mfupi" atakariri hayo maneno matatu kwenye mtihani na hayatamkumbusha chochote mbele ya skrini.

Tena jambo hili lina vipimo vyake. Kinywa cha samaki hupimwa ukubwa kwenye mkato huohuo. Kwa mtu mzima mwenye afya hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6, kikifika 1.5 au chini ya hapo, kuziba kwake kunahesabiwa ni kukali. Mpimaji akikata mshazari, au akakata mahali palipo juu kuliko ncha za midomo, kinywa kitaonekana kipana kuliko kilivyo na mgonjwa ataambiwa ana nafuu asiyokuwa nayo. Kwetu huku bado wapo watoto wanaopata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ikafuata homa ya baridi yabisi, na vali zikaharibika. Hao ndio watakaopimwa na wanafunzi wako. Ndiyo maana siwezi kulichukulia neno hili kama jambo la wenye kamusi peke yao.

Atatokea mtu akupendekezee "mkato mtambuka". Mkatalie. Neno mtambuka limeshikwa mateka na semina, kila suala siku hizi ni mtambuka, na anayelisikia hawazi tena kitu kilicholala kukatiza kingine. Kukingama bado ni kuzima: gogo limekingama njiani, na hakuna wa kuuliza limelala vipi.

"Parastena" ni Kigiriki: para ni kando, na sternon ni kifua. Mfupa wa kifua una jina zuri la pwani, kidari, neno lilelile la kidari cha kuku. Andika "kando ya kidari". Ukiona wanafunzi wa bara wanasitasita, andika "kando ya mfupa wa kifua", nalo ni Kiswahili safi.

Na hata hilo neno eko, ambalo nimelitumia kwa kuwa umelitumia na hospitalini wamelizoea, sisi tunalo: mwangwi. Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoupima moyo kwa njia hii mjini Lund, Sweden, mwaka 1953, walitumia chombo kilichotengenezwa kupimia nyufa ndani ya vyuma. Hawakupata picha kama za leo. Walipata alama za mwangwi unaorudi kutoka kwenye kuta za moyo. Kazi hii ilianza kwa kusikiliza kile ambacho sikio haliwezi kusikia, na hapakuwa na jicho lililotazama kitu. Mtazamo uliingilia wapi?

Tahadhari moja, kwa ajili ya shangazi yangu na wenzake. "Mkato" ni neno la darasani na la ripoti. Usimwambie mgonjwa aliyelala kitandani kwamba unatafuta mkato wa moyo wake, atadhani unakwenda kumpasua. Yeye mwambie: "Mama, sasa natafuta picha ya duara. Toa pumzi, shika hapo hapo."

Kuhusu wingi: mkato wa kukingama, mikato ya kukingama. "Mitazamo ya mihimili mifupi" ifute ubaoni leo, kabla hawajaikopi.