Maswali ya Wasomaji: Kinachong'aa Kwenye Mchanga wa Ziwa

Mwangaluka wasomaji. Mwezi huu meseji nyingi zimetoka huku huku Kanda ya Ziwa na karibu zote zinauliza mawe, sijui ni bei ya dhahabu ndo imewaamsha watu au ni mvua zimefukua vitu, mi nimefurahi tu maana nimefundisha jografia miaka mingi na mada ya madini ndo ilikuwa inanifanya niingie darasani natabasamu. Nimechagua maswali manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kuliko mengine kwa sababu lina hela ya mtu ndani yake.

Shikamoo mwalimu. Mimi nachota mchanga wa kujengea huku Igombe. Wiki iliyopita nimekuta kwenye mchanga vitu vidogo vidogo rangi ya dhahabu kabisa, jua likipiga vinawaka. Nimeshakusanya nusu ya chupa ya maji ile ya nusu lita. Kuna jamaa anasema ni dhahabu, nimpe laki na nusu aende nayo Geita akanipimie. Nimpe? – Kijana wa Mchanga, Igombe

Marahaba kijana wangu. Usimpe. Hata mia.

Sikatai kwamba dhahabu ipo kanda hii, Geita hapo ng'ambo watu wanaitoa kila siku, ila mtu anayetaka laki na nusu yako ili akapime kitu ambacho unaweza kukipima mwenyewe nyuma ya jiko, huyo anapima akili yako wewe.

Anza na uzito. Dhahabu ni nzito ajabu, sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3 wakati maji ni gramu 1 tu. Chupa ya nusu lita ikijaa dhahabu tupu ingekaribia kilo 10, yako imefika nusu, kwa hiyo hata tukisema nusu ya hapo ni hewa iliyokaa katikati ya vipande bado ungekuwa umebeba zaidi ya kilo 2, yaani mkono ungekwambia kabla ya mizani. Peleka kwa muuza dagaa yeyote mwenye mizani akupimie. Ikiwa nyepesi kama mchanga wa kawaida, umeshapata jibu na hujatoa senti.

Kwa ulivyoeleza, mi nahisi huo ni ulanga, yale madini ya vijikaratasi vinavyong'aa ambayo wengine wanayaita maika. Mawe yetu haya ya Mwanza yana ulanga mweusi ndani yake, ukipigwa na mvua na jua miaka na miaka unachakaa unakuwa wa kahawia unaong'aa kama dhahabu, mawe yakimomonyoka unashuka na maji mpaka ufukweni. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la tano nilijaza kopo la siagi zima, nikalificha uvunguni, nikawa nahesabu ng'ombe nitakaonunua na huyo wa kwanza nishampa jina. Kaka yangu akaja akafungua akapuliza pffff, utajiri wote ukaruka ukatua kwenye uji wa bibi.

Sasa chukua sindano, ubonyeze kipande kimoja. Ulanga utabanduka vijikaratasi vyembamba, hata kwa ukucha unaubandua. Dhahabu haibanduki wala haivunjiki, itabonyea tu kama risasi ya nyavu. Kikivunjika vipande vipande au kikatoka unga, hapo sio ulanga wala dhahabu, inawezekana ni pairaiti, ambayo wachimbaji wanaijua sana, ya njano iliyopauka na mara nyingi vipande vyake vina umbo la dadu kama mtu amevikata kwa msumeno. Kipimo kingine, tafuta kigae cha sakafu kilichovunjika, ukigeuze upande wa nyuma ule usiong'aa, usugue jiwe lako uone linaacha mstari wa rangi gani. Dhahabu inaacha mstari wa njano ile ile. Pairaiti, pamoja na uzuri wake wote, inaacha mweusi wa kijani kijani! Mi kipimo hiki nakipenda kuliko vyote maana unga wa jiwe hausemi uongo, ni sura ya nje ndo inadanganya. Halafu simama kivulini uzungushe kiganja. Ulanga unawaka unazima unawaka unazima kama kioo cha pikipiki, dhahabu inabaki njano tu kila upande.

Utauliza kwa nini vitu vitatu vinavyofanana hivi vinaachana tabia namna hiyo. Ni atomu. Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na madini tunayaita madini kwa sababu yametokea yenyewe ardhini, ni yabisi, yana mchanganyiko wake maalumu wa atomu, na hizo atomu zimejipanga kwa mpangilio mmoja unaojirudia rudia pande zote, ndo hiyo tunaita fuwele. Dhahabu ni atomu za aina moja tu, kila moja ina protoni 79 (punje za katikati ya atomu), na elektroni zake za nje, yaani vile vipunje vinavyoizunguka, hazina mwenyewe, zinazunguka kwa wote, kwa hiyo ukigonga kwa nyundo safu za atomu zinateleza juu ya nyingine kama dagaa wabichi kwenye ndoo, zinahama lakini haziachani. Pairaiti ni chuma na salfa, chuma moja kwa salfa mbili, zimeshikana kama matofali na saruji, ukizilazimisha kuteleza zinapasuka (na ukiigonga kwa chuma inatoa cheche na harufu ya kiberiti). Ulanga sasa ni chapati ya kusukuma. Kila tabaka limeshikana lenyewe vizuri sana, ila kati ya tabaka na tabaka kuna atomu za potasiamu zinazoshikilia kwa ulegevu, ndo maana unabandua na kubandua na hauishi.

Neno moja la haki kabla sijatoka hapa. Ukikuta pairaiti kwenye mwamba usiseme hapa hakuna kitu, maana kwenye miamba ya Geita dhahabu mara nyingi inakaa pamoja na pairaiti, tena chembe ndogo ambazo jicho halioni. Hiyo huwezi kuijua kwa kigae wala sindano, ni ya maabara, na ukifika huko ni wewe mwenyewe na jiwe lako mkononi, usimtume mtu, na udai risiti. Na mtu akikwambia utie zebaki uchome nyumbani uone kama kuna dhahabu, mkatalie kabisa, ule mvuke unaingia kwenye mapafu yako na ya watoto na unaharibu mishipa ya fahamu.

Mwalimu, mwanangu yuko kidato cha pili ananiambia lile Jiwe la Bismarck la hapa ziwani Mwanza sio madini. Nimemwambia jiwe kubwa vile litakosaje kuwa madini? Tumebishana mpaka tumekula kila mtu chumba chake. – Mama wa Kirumba

Dada, mtoto kashinda, mpikie samaki. Ila na wewe hujakosea sana.

Jiwe la Bismarck na haya mengine yote tuliyojengea nyumba juu yake ni mwamba, mwamba unaoitwa granaiti, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mwamba ni kama pilau. Pilau sio mchele peke yake wala nyama peke yake. Sogea karibu na jiwe lolote la hapo Kirumba lililovunjwa kokoto jana, utaona chembe za aina tofauti, kila aina ndo madini. Zile zinazofanana na kioo chenye moshi ni kwatzi. Zile nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa zinazometa ni feldispa. Vidoa vyeusi vinavyong'aa ndo ulanga wetu wa pale juu.

Kwatzi ni silikoni na oksijeni tu, na hizo mbili kwa uzito ni karibu robo tatu ya gamba lote la dunia, kwa hiyo tunatembea juu ya oksijeni bila kujua. Kila silikoni imezungukwa na oksijeni nne, kila oksijeni inashikwa na silikoni mbili, pande zote sawa, hakuna sehemu legevu, ndo maana kwatzi ukiivunja haipasuki bapa, inavunjika ovyo kama chupa ya soda. Feldispa ina alumini pia pamoja na potasiamu au sodiamu au kalisi, na yenyewe inapasuka kwenye nyuso mbili zinazokutana karibu kama kona ya meza. Maji ya mvua yanaila feldispa pole pole inakuwa udongo wa mfinyanzi, kwatzi inabaki inadondoka, ndo mchanga anaochota yule kijana wa Igombe. Yaani ufukwe wote ule ni milima iliyooza ikabaki mifupa.

Shikamoo. Mimi ni fundi seremala Sengerema, siku zote nina penseli sikioni. Nimesikia eti penseli na almasi ni kitu kimoja, hii ni kweli au ni stori za vijiweni? – Fundi

Marahaba fundi. Kweli, na sio kweli.

Ile nyeusi ya penseli ni kinywe kilichochanganywa na udongo, kinywe ni haya madini yanayopatikana kule Mahenge, na ni kaboni tupu. Almasi nayo ni kaboni tupu. Atomu zile zile za protoni 6. Tofauti ni namna zilivyokaa. Kwenye kinywe kaboni zimelala tabaka tabaka (chapati tena), tabaka zinateleza, ukipitisha kwenye mbao zinabaki huko ndo mstari wako. Kwenye almasi kila kaboni imeshikana na nne nyingine kila upande, hakuna tabaka, na hiyo inahitaji mgandamizo wa kilometa zaidi ya 150 chini ya ardhi. Zinapandishwa juu na mwamba unaoitwa kimbalaiti, kama ule wa Mwadui hapo Shinyanga ambao Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940.

Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812 alipanga ugumu wa madini kuanzia 1 mpaka 10 kwa kuangalia nani anamkwaruza nani. Kinywe kiko kati ya 1 na 2, almasi ni 10. Ukucha wako ni kama 2 na nusu, kioo cha dirisha 5 na nusu, kwatzi 7, ndo maana mchanga unakwaruza simu yako na ukucha hauwezi. Lakini fundi nakuomba, ukibahatika kuokota almasi usiipime kwa nyundo. Kuwa gumu kukwaruzwa na kuwa gumu kuvunjika ni vitu viwili, almasi inapasuka vizuri tu, na wapo watu waliosaga utajiri wao wenyewe juu ya jiwe wakidhani wanahakikisha.

Mwalimu habari. Mchumba wangu kaninunulia pete ya tanzanaiti, rafiki zangu wanasema ni kioo cha bluu. Nitajuaje bila kumuuliza yeye? – Bibi Harusi Mtarajiwa, Nyegezi

Salama mwanangu, na hongera. Hao rafiki zako wana wivu au wana macho, tuone.

Rangi peke yake haikusaidii kitu, kwenye vito rangi ndo muongo mkubwa. Mara nyingi inaletwa na chembe kidogo sana za kigeni, kwatzi ikipata chuma kidogo inaweza kuwa zambarau, jiwe liitwalo korandamu ikiingia kromi linakuwa rubi jekundu, wakati korandamu safi halina rangi kabisa. Tanzanaiti nayo, ambayo iligunduliwa mwaka 1967 na haijapatikana pengine popote zaidi ya Mirerani kule Manyara, bluu yake inatoka kwa vanadi kidogo, na nyingi zinazouzwa zilitoka ardhini zikiwa za kahawia zikapashwa moto.

Fanya hivi. Nenda mchana nje, shika pete, uangalie jiwe kwa upande mmoja halafu uligeuze taratibu uangalie kwa upande mwingine. Tanzanaiti kwa kona moja inaonekana bluu, kwa kona nyingine zambarau, kwa sababu atomu zake zimepangwa kwa safu na mwanga unaopita kufuata safu hii haunyonywi sawa na unaopita kufuata ile. Kioo hakina mpangilio wowote ndani, atomu zake zimesimama ovyo kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo utageuza weee na bluu itabaki ile ile. Usiikwaruze kwenye kioo cha dirisha, kwa zile namba za ugumu nilizomtajia fundi tanzanaiti ni 6 mpaka 7 tu na ina mpasuko, utaiharibu ikiwa ya kweli. Ukiona bluu moja tu pande zote, mpelekee sonara aiangalie kwa kifaa chake kabla hujamfikishia mchumba wako, maana inawezekana na yeye kauziwa.