Siku 29, si 47

Mombasa, 1 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa miwani. Unauliza mambo mawili: uje harusini kwa kakako tarehe 16 kisha urudi Marekani uendelee kutafuta kazi? Na ile kazi isiyo na malipo kwa profesa wako, uikubali au ni kujidhalilisha? Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayerusha jiwe akakimbia, umemtaja kijana anayeuza barua za kazi.

Kabla ya yote, hesabu yako ina kasoro. Unasema umebakisha siku 47 za kukaa huko bila kazi. Nilikaa na kalenda nikaona ulivyofanya: umetoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu zao mbili. Mamangu, OPT, yaani ile ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi Marekani baada ya kuhitimu, inakupa siku 90 tu za kukaa bila kazi, na ni siku za kalenda. Kadi yako ya ruhusa ya kazi ilianza tarehe 2 Juni, hivyo kufikia leo umekula siku 61. Zimebaki 29. Siku ya 90 ni tarehe 30 Agosti.

Sikucheki, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kutoa mizigo Kilindini, nilihesabu siku za bure za kontena la magurudumu nikaruka Jumapili. Kontena likalala, gharama za uhifadhi zikapanda, na bosi akanikata mshahara miezi mitatu. Tangu hapo sihesabu siku kwa kichwa. Naweka alama kwenye kalenda ya ukutani, na yako sasa ipo jikoni kando ya friji. Mamako anaipita kila asubuhi akisonya. Anauliza ni serikali gani inayomhesabia mtu siku za kukaa bila kazi. Nimemwambia hapa kwetu wangeanza kuhesabu, mtaa mzima ungehamishwa.

Sasa harusi. Usije. Najua linavyouma, na mimi ndiye ninayetakiwa kusimama pale mbele ya watu nikieleza dada mtu yuko wapi. Lakini ukiwa huku bila kazi, saa yao haisimami kwa sababu umepanda ndege. Siku za Mombasa zinahesabiwa sawasawa na za huko. Wiki mbili zingekuachia kama siku 15. Tena mlangoni, unaporudi, afisa anaweza kukutaka uonyeshe kwamba una kazi au umeahidiwa kazi, pamoja na kadi, viza hai na I-20, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, yenye sahihi ya chuo isiyozidi miezi sita. Wewe ungemwonyesha nini? Picha za harusi? Na kama viza imeisha, itabidi uende ubalozi wao Gigiri, Nairobi, ukaombe nyingine, ukijieleza huku siku zinakatika.

Kwa profesa, nenda. Ni hapa ambapo nimesoma zaidi, maana sikutaka kukushauri kwa kukisia. Katika mwaka huu wa kwanza wa OPT, kazi ya kujitolea inakubalika kuwa kazi, mradi ifike saa 20 kwa wiki, ihusiane na takwimu ulizosomea, na isiwe kazi ambayo sheria za huko zinataka ilipwe. Hilo la mwisho muulize mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kabla hujaanza. Mwombe profesa barua yenye tarehe, saa na kazi utakayofanya. Kisha uiandikishe kwenye tovuti ya SEVP, idara ya serikali yao inayofuatilia wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 10. Ukifanya kazi bila kuiandikisha, mfumo wao unakuona umekaa tu, na siku zinaendelea kukatika kimyakimya.

Ukianza Jumatatu tarehe 4, utakuwa umetumia siku 63, utabaki na 27. Elewa vizuri: kazi inasimamisha hesabu, hairudishi nyuma. Ukiiacha baada ya mwezi, inaendelea kutoka 63.

Umeandika pia kwamba mwenzako kakwambia una siku 150. Anachanganya. Zile 60 za ziada huja na nyongeza ya miezi 24 ya watu wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na huwezi kuzigusa kabla nyongeza hiyo haijaanza. Hapo ndipo kazi ya profesa haitakufikisha: katika nyongeza, mwajiri lazima akulipe, awe amejiunga na E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi, na mjaze pamoja mpango wa mafunzo kwenye fomu ya I-983. Kwa hiyo profesa ni kivuli cha kupumzikia, si nyumba. Asubuhi fanya kazi yake, mchana endelea kutuma maombi, na ukiona tangazo la kazi uliza kuhusu E-Verify mapema.

Yule muuza barua simwongelei sana. Kampuni za karatasi, zinazotoa barua bila kazi yoyote, zimeshapelekwa mahakamani huko Marekani, na anayepatikana amedanganya makusudi kwa ajili ya uhamiaji anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Namba yake ifute.

Na kama profesa atabadili nia? Basi kabla ya tarehe 30 uwe umeshaamua, ama kujiunga na masomo mengine kwa njia halali, ama kurudi. Anayepita siku 90 anahesabiwa amevunja masharti ya viza, na zile siku 60 za kufunga mizigo ambazo wengine hupewa baada ya OPT usizitegemee. Chumba chako kipo. Nimetoa tu baiskeli zilizokuwa zimewekwa humo.

Kakako nimemwambia jana. Alinyamaza, akatoka, akarudi baada ya swala akasema utaunganishwa kwa simu wakati wa harusi, na kwamba huko itakuwa alfajiri kwa hiyo usijifanye umelala. Leso yako mamako ameshainunua, jozi sawa na za shangazi zako.

Jumatatu ukishaandikisha kazi, nitumie picha ya ukurasa wenyewe. Nataka kuona tarehe.

Babako