Maswali ya wasomaji: Kijiji cha nkambo hakijulikani, nianzie wapi?

SWALI: Mama, jambo. Nkambo wangu mwanaume, yaani babu, alikuja Lubumbashi kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, akafa kabla sijazaliwa. Nyumbani Katuba tuna picha yake moja na kitabu chake cha kazi. Baba anasema sisi ni watu wa Kasai, lakini kijiji hakijui. Nkambo mwanamke yu hai, ila miaka inamchanganya. Nimeanza kupenda kazi hii ya kutafuta ukoo, na rafiki ameniambia kila kitu kiko Ubelgiji. Nianzie huko?
Msomaji wa Katuba

JIBU: Mwanangu, makaratasi mengi ya koloni yako Brussels kweli, na yamehifadhiwa vizuri. Yatangoja. Nkambo wako ndiye asiyeweza kungoja. Jumapili hii nenda kwake.

Usimwulize alizaliwa mwaka gani. Mimi nilimfanyia hivyo shangazi yangu wa Kamalondo: nilifika na kaye, daftari la kuandikia, nikaanza na miaka, akaona haya, akanyamaza. Niliporudi nilibeba karanga za kukaanga na swali moja tu: "Mulikuja na njia gani?" Alizungumza mpaka giza. Walipanda treni Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, yeye akiwa mgongoni mwa mama yake, kama alivyosimuliwa. Basi nikapata pa kushika, kwa sababu reli ya BCK kutoka Bukama ilifika Port-Francqui mwaka 1928. Hawakuja kabla ya hapo.

Alama za namna hiyo ziko nyingi: risasi za Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma hapa mjini, Julai 1960, Katanga ilipojitenga, Januari 1963, ilipokwisha, 1967, pesa ya zaire ilipoingia. Mwulize nkambo wakati ule alikuwa ameolewa tayari, au alikuwa na mimba ya nani. Mama zetu huhesabu kwa mimba, na hesabu yao ni nzuri kuliko ya makaratasi mengi niliyoyaona.

Jambo moja usilianze wewe: 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa huku. Wengi walilala stesheni ya Likasi wakingoja treni, na kuna nyumba ambazo hazijalizungumza hadi leo. Akilifungua mwenyewe, zima simu inayomrekodi, umsikilize tu.

Kisha majina. Kama nkambo mwanaume aliitwa Mbuyi au Kabanga, hayo ni majina ya mapasa. Kanku ni jina la mtoto anayefuata mapasa. Lakini huenda amelirithi kwa mtu mwingine, kwa hiyo uliza: alizaliwa pacha yeye, au alipewa jina la nani? Huyo "nani" ni mtu mmoja zaidi wa ukoo wako.

Parokia alikobatizwa utaifikia baadaye, na hapo nakuonya. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Mimi nilipoteza miezi mitatu nikimtafuta baba yangu kwa jina alilochukua baada ya hapo, wakati padri alikuwa amemwandika Bernard. Tena mapadri waliandika walivyosikia: Tshibangu, Cibangu na Chibangu anaweza kuwa mtu mmoja. Lakini ukiupata ukurasa wenyewe! Humo mna baba, mama, msimamizi wa ubatizo, na pembeni mara nyingi wameongeza ndoa yake. Pale ndipo nilipoliona jina la mama wa baba yangu kwa mara ya kwanza. Nyumbani hakuna aliyewahi kulitaja. Nilimwomba sekretari asifunge kitabu, nilisome tena.

Kitabu cha kazi kipige picha leo, kurasa zote, hata zilizo tupu, na namba ya matrikule, ile namba yake ya kazi, uiandike mahali pawili. Ile picha usiiandike nyuma kwa biki, wino hutokea mbele. Tumia kalamu ya risasi, polepole. Mpe nkambo aishike mkononi, usimwonyeshe kwenye simu. Huenda anamjua aliyesimama kando.

Ukitoka kwake, niandikie alichokuambia kuhusu njia, na kama anajua mama mkwe wake aliitwa nani.