Ukinunua Seva ya Duka, Prosesa Ifikirie Mwisho

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya mauzo kwenye maduka ya hapa Moshi. Hivi karibuni mama mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi alitazama bei ya seva niliyompelekea akaniuliza, "Mwanangu, mashine ghali hivi mbona haina hata skrini?"

Swali lake ni la msingi. Kompyuta ya mezani imeundwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa mbele yake. Ikigoma anaiona, anaizima na kuiwasha. Seva inahudumia watu wasioiona: mhasibu ghorofani, vijana wa kaunta, stoo ya Pasua inayoingia kwa intaneti. Inakesha. Skrini inahitajika siku ya kuifunga tu, na kadi ya picha ya gharama ni kupoteza pesa bure. Hata prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa duka la kaunta tatu ya kawaida inatosha.

Pesa ipeleke kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayoshika kazi inayoendelea. Seva nyingi hutumia RAM aina ya ECC: biti moja (yaani 0 au 1 ya data) ikigeuka, inasahihishwa papo hapo, zikigeuka mbili, kasoro inatambuliwa. RAM ya kawaida ya mezani haina ulinzi huo. Kwa anayeandika barua haidhuru. Kwenye daftari la madeni, tarakimu ikibadilika kimyakimya itaandikwa hivyohivyo kwenye diski, iingie mpaka kwenye nakala rudufu, na hakuna atakayejua ilianza lini. Mimi hili linanitisha kuliko diski kufa, maana diski ikifa unajua imekufa.

Diski ziwe mbili zinazoandika kitu kilekile, mpango unaoitwa RAID 1. Moja ikifa, kaunta zinaendelea kuuza. Ila mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kote kwa mpigo, kwa hiyo nakala rudufu bado inahitajika, tena ikae nje ya mashine hiyo.

Halafu umeme. UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika) nyingi ninazozikuta zimechomekwa ukutani vizuri, lakini waya wake wa USB bado umo kwenye boksi. Waya huo ndio unaoiambia seva kwamba betri inakaribia kuisha ijizime taratibu. Bila huo, umeme ukikatika usiku wa manane betri inaisha na seva inaanguka ghafla katikati ya kuandika. Tafadhali, kautafute leo.

Upande wa programu, Windows ya kawaida imetengenezwa ikijua kuna mtu mezani: ikikaa bila kuguswa inalala, ikipata masasisho inataka kujiwasha upya, na leseni yake inaruhusu vifaa visivyozidi 20 kuitumia kwa mtandao. Windows Server inalipiwa kwa idadi ya viini (core) vya prosesa, kuanzia 16 kwa kila mashine, na juu yake leseni za watumiaji. Ninapoachiwa nichague, ninaweka Ubuntu LTS, mfumo endeshi unaokaa mahali pa Windows: haina ada, inapata masasisho ya usalama kwa miaka 5, na ninaisimamia nikiwa kwangu kwa SSH, njia salama ya kuiamuru kompyuta kutoka mbali. Lakini programu yako ya mauzo ikitaka Windows, ifuate. Muulize aliyeitengeneza kabla hujanunua chochote.

Na kama bajeti ni ya kompyuta ya mezani tu, duka dogo litaenda nayo. Zima kulala, weka kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) ijiwashe umeme unaporudi, ongeza diski ya pili na UPS, na usiiweke chini ya kaunta. Feni zitavuta vumbi la saruji kutwa nzima. Kisha chukua nakala rudufu ya jana, ifungue kwenye kompyuta nyingine, uangalie kama mauzo ya jana yamo. Yasipokuwemo, mpigie fundi wako siku hiyohiyo.